Suti ya Bwana Harusi Ukutani

Nacheka sasa, lakini asubuhi niliyotoka Majengo na begi moja, bila kujua naelekea wapi, nilipitia nyuma ya maduka ya nyama ili mtu yeyote aliyekuwa harusini asinione.

Mnanijua na udadisi wangu. Shule niliiachia njiani, lakini laptop ya studio ya picha ya Mama Kinya niliichimbua mpaka ndani (ni ile ya Linux, ambayo kila mtu ana sehemu yake na hawezi kufungua ya mwenzake). Mama Kinya alikuwa amenipa kazi na chumba cha nyuma kwa majaribio, akasema nikitayarisha vizuri picha za harusi ya mpwa wake, chumba ni changu, na kamera ya harusi zote naishika mimi. Basi programu ya kuonyesha picha ikakataa kunifungulia sehemu ya Mama Kinya, zilimokuwa picha hizo: huna ruhusa, huna ruhusa. Badala ya kumwomba anifungulie picha hizo tu, nikatumia paswadi kuu aliyonipa ya kusasisha mashine, nikaipa programu alama ya kufanya kazi kwa nguvu za mwenye mashine, haidhuru nani ameifungua. Ikafungua kila kitu! Niliruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Kuiondoa hiyo alama? Nikasema baadaye.

Siku ya harusi, kanisani, Mama Kinya kwa furaha akaketi mwenyewe kwenye laptop hiyo, imeunganishwa na projekta, akaingia kwa jina lake, akabonyeza "picha zote". Ukutani akaja bibi harusi akiwa mtoto, hana meno ya mbele, vigelegele. Kisha zikaja picha za pasipoti za wateja, mzee wa kanisa amefumba macho, watu wakaanza kucheka, nami nikaelewa kwamba programu inaingia kila sehemu, hata yangu niliyoifunga, nikaukimbilia waya wa projekta, nikajikwaa kwenye benchi, na nikiwa pale chini nikajiona ukutani, mkubwa kama lori, nimevaa suti ya rangi ya maziwa, ile ya studio ya kuazima wateja wa picha, nimemshika kiuno bibi harusi asiyekuwepo.

Suti ileile ilikuwa mwilini mwa bwana harusi.

Akatazama ukuta, akatazama mkono wa koti lake. "Anti, si ulituambia hii ni mpya?"

Kanisa zima likacheka, bibi harusi mpaka akashika meza. Mama Kinya hakucheka (wakwe nao walikuwa wameambiwa ni mpya).

"Nilikupa ufunguo wa mlango mmoja," akaniambia nje, polepole, "wewe ukang'oa milango yote. Kesho nisikupate kwa hicho chumba."

Jioni ya kesho yake nilikuwa Embu, kwa mama mmoja mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha, amechoka na magoti, asiyetaka kupanda ngazi. Akanirushia bunda zima la funguo, za geti, stoo na vyumba vyote, nikajichagulie. Vidole viliniwasha, siwadanganyi. Nikachagua chumba, nikachomoa ufunguo mmoja, nikamrudishia bunda.

"Mama, wa kwangu tu unatosha."

Akanitazama. "Na wa choo?"

Haya, na wa choo.