Baba Ofisini

Machungwa yakimenywa stendi ya Korogwe, harufu hunirudisha ofisi ya ustawi wa jamii. Mahakama iliagiza nionane na baba pale tu, afisa akiwepo, mpaka kesi ya vipigo iamuliwe. Siku hiyo baba alileta machungwa kutoka Handeni, nami nilimkuta akipatana na afisa kama yuko gulioni; kipaji hicho nimemrithi.

“Dada yangu, nimpeleke sokoni tu, nusu saa.”

“Haiwezekani, mzee.”

“Basi robo.”

Afisa akacheka, akaelekea kukubali. “Haya, mwamkie baba yako.”

Nikainama. “Shikamoo.”

“Marahaba.” Baba akainua mkono aniwekee kichwani, kama wakubwa wetu wote wanavyoitikia. Mikono yangu ikawahi kufunika masikio.

Afisa akavuta kiti, akaketi katikati yetu. “Mzee, hapa hapa panatosha.”