Nywele Chini ya Kizingiti

Mvua ya kwanza ya vuli ilinikuta juzi ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, viatu vyangu vya ngozi halisi nimevishika mkononi, natafuta pa kujikinga. Mlango niliojibanzia ukawa ule ule wa nyumba ya bibi yangu aliyenilea. Harufu ya chokaa iliyolowa ikanipanda puani, na wallahi nikasikia mtu anachinjwa. Hakukuwa na mtu. Yalikuwa masikio yangu tu, yanakumbuka hadithi.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Mimi nimeishi Uingereza. Niliondoka hapa na begi la kuazima, nikafagia vyoo vya watu, nikasoma huku nafagia, nikarudi na stashahada ya uendeshaji wa hoteli, na hakuna aliyenishika mkono. Kule, majani yakianza kupukutika na jua likizama mapema, watu hujifungia ndani wakasoma hadithi fupi za kutisha: wafu wanaorudi, misitu inayokula watu. Wenzangu darasani walizisoma wakitetemeka. Mimi nilizimaliza zote za maktaba ya mtaa wetu huku natafuna karanga. Nzuri, sikatai. Lakini aliyelelewa na bibi yangu hatishwi na mzimu uliovaa shuka.

Bibi hakuwa akisimulia mchana, maana msimuliaji wa mchana, alisema, huota mkia. Ila mawingu ya vuli yakifunga na nyumba ikawa nyeusi tangu alasiri, alisema kiza ni kiza, hakina saa. Tulikaa juu ya jamvi, wajukuu wasichana peke yetu, tunasuka ukili wa mikeka, chai ya tangawizi inachemka na muhogo wa nazi unanukia jikoni. Hapo ndipo anapoanza, na yeye alianza na damu. Hadithi zake zilikuwa na sharti moja: iliyoanzwa mvua ikinyesha haiachwi njiani. Ikiachwa, kilichomo ndani yake humfuata msikilizaji mpaka kwake.

Jirani yetu wa mbele, muuza nyama sokoni, alizipenda kuliko sisi. Mvua ikianza tu, tayari yuko ukumbini, "Shikamoo, Bi mkubwa," anakaa karibu na mlango anapewa kikombe chake. Panapokatwa koo, anacheka. Na mtu huyo huyo alikuwa akimpiga mkewe. Dirisha lao na letu yalitazamana, unaweza kupitisha sahani ya futari kwa mkono, kwa hiyo tulisikia yote: mkanda, kigoda kikivunjika, kichwa kikigonga ukuta. Akitoka humfungia kwa kufuli. Wazee walipokwenda kusema naye aliitika naam, naam, kwa adabu kabisa, na walipoondoka akampiga kwa sababu walikuja.

Vuli moja alimpiga tangu adhuhuri, kisha pakawa kimya. Bibi akasimama dirishani akamwita mke. Hakuitikiwa. Ilisikika pumzi tu, inakwaruza kama ya mtu anayezama. Bibi akatwambia yule mwanamke hatafika kesho akibaki mle ndani. Mvua ikaanza, na jirani akaja, kufuli kashalitia, kanawa mikono.

Bibi akampa chai, akaanza. Mtu alimkata mkewe kwa panga, akamzika chini ya kizingiti cha mlango wake. Mvua ilipolainisha udongo, zikaota nywele. Akazifyeka, zikatoka damu. Akazichoma, zikalia kwa sauti ya mke. Siku moja anataka kutoka, zikamzunguka vifundo vya miguu, na chini ya kizingiti vidole vikaanza kuchimba kuja juu. Hapo bibi akaikatiza hadithi, akaokota ukili wake.

"Halafu?" jirani akauliza.

"Hii hufungwa mbele ya wote wanaolala chini ya paa la msikilizaji. Kamlete mkeo, nimalizie."

Akasema mkewe anaumwa. Bibi hakuinua hata macho.

"Basi nenda nayo hivyo hivyo. Mtu mzima unapasua mafupa ya ng'ombe toka asubuhi, nywele za maiti zitakufanya nini?"

Tulicheka, na yeye akajaribu kucheka. Alifika mlangoni, akakitazama kizingiti, akakiruka kama mtoto anayeruka dimbwi. Tukasikia kufuli. Akarudi amemshika mke kwapani. Jicho moja halikuonekana kwa uvimbe, na kanga aliyojizibia mdomo ilikuwa imelowa nyekundu. Bibi akamkalisha nyuma yake, akamaliza: maiti akatoka, akamvuta mume wake chini mpaka shingo ikakatika, akavuka mlango akaenda zake.

"Hadithi yangu imekwisha," akasema. "Na huyu harudi kwako."

Jirani akamrukia, akampasua bibi mdomo kwa ngumi. Bibi akanyakua mchi wa kinu, akamshushia kwenye kifundo cha mkono, na mfupa tuliusikia. Tulimng'ang'ania miguuni, mimi nilimng'ata nyuma ya goti mpaka nikaonja damu, na ndani ya nyumba ile hakuna aliyeng'ata kwa nguvu kama mimi. Wanaume waliokuwa wakitoka msikitini ndio waliomburura nje. Mke alikaa kwetu mpaka kadhi alipomtoa katika ndoa ile, akarudi kwao Jambiani. Aliishi.

Ndiyo maana nasema kinachotuvuta katika hadithi hizi si woga. Ni kule kujua kwamba aliyezikwa atainuka, na aliyemzika atakamatwa mguu. Siku hizi nyumba ya bibi ni ya kulala wageni. Madirisha yametiwa vioo vizito, vyumba vina baridi ya mashine, na mtu akilia upande wa pili hakuna wa kumsikia.

Nami nimejenga Mbweni, ghorofa, ukuta mrefu kuliko wa jirani zangu wote. Juzi hiyo nilipofika kwangu na gari, mke wa jirani alikuwa akiingia getini kwake katika mvua ile, amevaa miwani ya jua. Nikapiga honi kumsalimia. Hakugeuka, na geti likafungwa. Nilikaa ndani ya gari muda mrefu, najaribu kukumbuka kama nimewahi kuisikia sauti yake.