Nilimtoa Kukhu Chumba cha Chini

Nilidanganya, tena nilimdanganya mtu aliyenilea. Naomba mnisikilize tu, kwa maana yeye mwenyewe nimeshindwa kumwambia.

Nililelewa Kware, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, na nyanya yangu, Kukhu. Kiharusi kilimpoozesha miguu, anatumia kiti cha magurudumu. Alikuwa na chumba cha chini kabisa kwenye ploti, jengo la ghorofa la vyumba vya kupanga, mlango ukitazama barabara. Anayeijua Kware anajua chumba cha chini hugombaniwa! Hapo mlangoni aliuza njugu, na hakuna aliyepita bila kutaniwa.

"Wewe, hilo shati umeazima kwa nani?"

Watu walicheka, wakanunua. Hiyo ndiyo ilikuwa dunia yake.

Mimi niliacha shule darasa la saba na sijawahi kutulia mahali. Serikali ilipoanza kujenga nyumba za kupangisha wazee na watu wenye ulemavu huku Eastlands, niliomba kibarua, hasa kwa sababu nilitaka kuona. Nikaona njia za mteremko, vyuma vya kushikilia chooni, swichi zilizowekwa chini ili aliyeketi azifikie. Kila jioni nilimsimulia Kukhu. Jina lake lilipotokea kwenye orodha ya watakaopewa nyumba, alilia kwa furaha.

"Nikipata hiyo nyumba nitajiendesha mwenyewe," akaniambia. "Hapo sasa nenda utakako."

Kisha kazi ikasimama. Mashine ya kuchanganya zege ikapakiwa kwenye lori. Nikamuuliza fundi mkuu kulikoni.

"Hii imelala, kijana. Pesa haijatoka huko juu. Usimwambie mtu mwezi ujao, hata mwaka ujao mimi siujui."

Nilisikia vizuri! Lakini nilikuwa nimepata lifti ya lori hadi Moyale, mpakani na Ethiopia, na Moyale sikuwa nimewahi kuiona. Nikaenda kwa Kukhu.

"Mwezi ujao unaingia. Toa notisi ya kuhama."

"Una hakika?"

"Kukhu! Si mimi ndiye nabeba mawe pale?"

Akatoa notisi. Siku hiyo hiyo chumba kikapata mtu. Nami nikamuaga kwamba naenda Moyale, nikapanda lori, nikazima simu.

Mwezi ulipoisha, nyumba za serikali hazikuwa hata na madirisha. Kwenye ploti chumba kilichobaki kilikuwa orofa ya sita, na lifti hakuna. Akina mama wa kanisa na majirani walimbeba na kiti chake.

Nilirudi baada ya miezi minane. Ole wangu! Nilimkuta kando ya dirisha linalotazama ukuta wa ploti jirani. Hauzi chochote. Hamtanii yeyote.

"Umefika Moyale?" akaniuliza. "Nisimulie."

Nilitaka nimbebe mgongoni tushuke, hata dakika kumi tu. Akakataa. "Mimi si gunia, mwanangu."

Nyumba zile bado ni magofu mapya. Kukhu anailaumu serikali kila siku, na ni kweli ina lawama. Lakini ya notisi ni yangu.

Ndugu msomaji, kama una mzee anayesubiri nyumba hizo, usimtoe alipo mpaka ashike ufunguo na kuufungua mlango mwenyewe. Na kama umeshamdanganya, sema leo leo, kabla hajaanza kukuonea huruma. Mimi kila nikifungua mdomo, Kukhu hunishika mkono.

"Usijali, mwanangu. Walitudanganya sote wawili."