Ukuta wa Buluu, Area 36

Nilialikwa kuongoza mazungumzo ya wachoraji wa ukutani hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwa sababu moja tu: nina shahada. Niliipata Bukavu, katika fasihi, na tangu nifike Malawi imenipa kazi mbili: kuwaandikia watu barua za kuomba mambo ofisini, na kukaa kiti cha mbele katika mikutano ambayo siielewi vizuri. Huu ulikuwa mkutano wa aina hiyo.

Tulikutana Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa, mimi na wachoraji watatu, mbele ya watu kama kumi na watano waliobaki baada ya mazoezi ya kwaya. Mchoraji wa kwanza alikuwa baba mmoja wa Fizi, anayeandika mabango ya saluni na vinyozi. Wa pili, mtu wa Bukavu kama mimi, ana ndevu na hunyunyiza rangi za makopo. Herufi zake hata yeye huzisoma kwa kusitasita. Wa tatu alikuwa dada wa Uvira, fundi cherehani, ambaye siku asizoshona huchora.

Nilikuwa nimeandaa maswali kumi na mawili. La kwanza lilisema: "Je, sanaa yenu inajenga uhusiano gani na nafasi ya umma?" Nilikuwa nimelipenda sana swali hilo.

Baba wa mabango akakohoa.

"Papa Prof, nafasi ya umma njo wapi? Hapa kila ukuta iko na mwenyewe. Unapiga hodi, unaomba."

"Na akikataa?"

"Unaenda kwa jirani yake, unachora muzuri sana, mpaka ule wa kwanza anakuita mwenyewe."

Watu wakacheka, nami nikafuta maswali matatu. Mwenye ndevu akaeleza kwamba makopo ni ghali, kwa hiyo aliwahi kuazima kwa mkulima mmoja bomba la kunyunyizia dawa ya tumbaku, lile la kubeba mgongoni, akalijaza rangi. Ukuta ulitoka vizuri.

"Shida, sikuliosha sana," alisema. "Kesho yake anaingia nalo shambani. Majani yote ikakuwa na madoa ya buluu. Alinifuata mpaka nyumbani na jani moja mukononi, anauliza kama hii ni ugonjwa ao ni mimi."

"Ulimujibu nini?" baba wa mabango akauliza.

"Nilimwambia ni ugonjwa. Lakini nilikuwa na buluu mpaka kwenye masikio."

Nilipomgeukia dada wa Uvira na kumwuliza kazi ipi anaipenda zaidi, alikuwa anaangalia simu yake. Hakunyanyua kichwa.

"Yangu iko moja tu. Iko Lilongwe, Area 36. Na siku ya tatu, Jumatano hii, banaifunika."

Alieleza bila kupandisha sauti. Vitu vyote vingine alivyochora ni vya wateja: kuku, cherehani, mistari ya Biblia. Mwenye duka mmoja wa Area 36 alitaka mbele ya duka lake picha ya mfuko wa unga, naye dada akamwomba na ukuta wa pembeni, achore anachotaka mwenyewe. Akapaka buluu, akaacha ukanda wa plasta kuzunguka pembeni, na katikati akaandika neno moja, NIKO, kwa herufi zinazomfikia kichwani, kila herufi ikiwa na maua ya kitenge tofauti. Sasa kampuni moja ya simu inapita ikipaka maduka rangi yake nyekundu bure, na wenye maduka wanapenda, kwa sababu duka jekundu linaonekana jipya.

"Si uchore ingine," mama mmoja wa kwaya alisema.

"Mama, hiyo njo ukuta ya kwanza mi nilichora bila mutu kunituma."

Baba wa mabango alikunja uso. Kwao, alisema, anayetaka kufunika kazi ya mwenzake lazima kwanza amwite, waongee.

"Kampuni ya simu," akasema mwenye ndevu, "na inashindwa kupiga simu!"

Dada hakucheka. Alinigeukia. "Papa Prof, we unajua Kingereza. Twende umwambie yule mwenye duka."

Kiingereza changu ni cha vitabuni, na Kichewa changu hakivuki soko. Lakini kukataa mbele ya kwaya ni kazi ngumu kuliko kukubali.

Jumatano mimi na dada tulikuwa na karatasi zetu za ruhusa ya kutoka kambini. Kila mmoja alipanda kabaza yake, baiskeli ya kukodi, mpaka barabara kubwa. Mwendeshaji wangu alipumua kwa nguvu kwenye kilima na kuniomba nishuke, nikashuka. Nilikuwa nimevaa koti. Tulipofika Area 36, mbele ya duka kulikuwa kumekwisha kuwa kwekundu, mfuko wa unga haupo tena. Ukuta wa pembeni ulikuwa bado.

Mwenye duka, mzee mpole, alinipa kiti na kunisalimia kwa moni. Nikaanza. Nilizungumza juu ya kumbukumbu, juu ya mtu aliyepoteza nyumba na sasa anaandika neno moja kwenye nyumba ya mwingine. Nikamweleza kwamba neno hilo maana yake nipo. Nilichukua kama robo saa. Alinisikiliza huku akifuta mizani kwa kitambaa. Kisha akasema wateja wengi humwuliza hiyo Niko ni sabuni ya aina gani, na inamwuma kwamba hana ya kuwauzia.

"Lakini bwana," akaongeza, "kama ukuta huu una thamani yote hiyo, zikomo, nashukuru, naruhusu muubebe."

Wanawake wawili waliokuja kununua chumvi walicheka mpaka wakashikana. Mimi pia nilicheka kidogo, kama mtu anayelipia nauli.

Dada hakuwepo kusikia. Alikuwa nje na mpakaji wa kampuni, mwanamume wa mtaa wa Nsungwi mwenye ovaroli yenye madoa mekundu, wakielewana kwa Kichewa kidogo na mikono mingi. Jamaa alikuwa amejaribu rangi kwenye kona ya ile N. Wekundu haukushika. Ulikuwa unateleza juu ya buluu na kuchuruzika kama mchuzi.

"Ulipaka nini hapa?" nilimwuliza.

"Rangi ya mafuta. Ile ya milango ya chuma. Fundi wa kuchomelea alinipa iliyobaki."

Ni kosa letu la Dzaleka. Tunachora kwa kilichobaki kwa mtu mwingine, hatuulizi kilitengenezwa kwa kazi gani. Mtu aliyesomea asingepaka mafuta juu ya plasta. Mvua ikija, inavimba. Lakini rangi ya maji, kama ile ya kampuni, haikai juu ya mafuta. Mpakaji alisema ingebidi kusugua ukuta mzima kwa msasa, siku mbili, na yeye ana maduka mengine yanamsubiri.

Mwenye duka alitoka, akasikiliza, akaingia ndani, akarudi na karatasi ya msasa. Alimnyooshea dada kwa adabu kabisa: aliyeweka ndiye atoe.

Dada aliweka mikono nyuma, akakataa kwa Kichewa. "Iyayi, bwana." Akaendelea kwa Kiswahili, ingawa mzee hakukijua. "Mukono ilichora, haiwezi kutoa."

Mzee alibaki na msasa hewani. Nikafungua mdomo.

"Papa Prof, nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Nadhani huo ndio msaada wangu mkubwa wa siku ile.

Mpakaji alivuka barabara, akasimama pale ambapo mtu wa kampuni husimama kupiga picha, akainamisha kichwa huku na huku. Kinu cha mahindi cha jirani kiliuficha ukuta wa pembeni karibu wote, ukaonekana ukingo tu. Akarudi na uamuzi: atapaka ule ukanda wa plasta tu, katikati pabaki. Mzee alitazama kona, akaridhika kwamba itakuwa nyekundu, akarudi kwenye mizani yake.

Nilitaka kumpongeza dada, lakini alikuwa amekwisha kukunja uso. Mpakaji alikuwa anavuta mstari wake kwa jicho tu, na ulikuwa unayumba.

"Anaharibu! Nyekundu pembeni ya buluu yangu, na mustari haiko hata sawa!"

Alitoa mfukoni chaki ya ushonaji na futi ya kitambaa, akapima ukanda wote kama anapima pindo la sketi, akapiga mistari. Kisha akamnyang'anya mwanamume brashi. Yule hakubisha. Alikaa kivulini, akafungua nsima yake, ugali wa huku, akala. Dada alipaka ukanda wote wa kampuni ya simu yeye mwenyewe, polepole, ulimi ukiwa umetoka kidogo, huku mimi nikimfuata na ndoo ya rangi nyekundu.

Alipomaliza alifuta doa la kwenye N kwa kitambaa, akaosha brashi, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Tulikuwa tunatakiwa kurudi kambini jioni ileile, kwa hiyo hatukukaa. Njiani kuelekea stendi nilimwuliza kama ameridhika.

Alisema nyekundu angeichagua nzito kidogo, na kwamba mimi sijui kushika ndoo.