Picha Iliyokuwa Nyuma ya Kabati

Kabati lililetwa na lori kutoka Korogwe, kwenye nyumba ya meneja mmoja wa mkonge aliyerudi kwao baada ya mashamba kuwa mali ya taifa. Shule yetu, katika kijiji kipya cha ujamaa huko Handeni, ilikuwa na vyumba viwili vya kusomea na haikuwa na kabati hata moja, basi tulilipokea kwa vigelegele, hata kabla ya kugundua kwamba lilikuwa na miguu mitatu. Mgongo wake ulikuwa umeoza siku nyingi, na fundi fulani alikuwa ameuziba kwa ubao. Nilipoingiza kichwa ndani kufuta vumbi na kusaka mende, nikakuta ubao ule umechorwa kwa rangi ya mafuta. Niliingia kutafuta mende, nikatoka na picha.

Na ilikuwa picha kweli. Mbingu nyekundu, kilima cha buluu, nyumba inayofuka moshi, mtu amesimama mlangoni ameinua mkono, na kundi la ng'ombe likipita mbele ya nyumba kutoka kulia kwenda kushoto. Mwalimu mkuu alisema ubao ule ungefaa kuni. Nikamwambia akitaka kuni anichome mimi kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na hasira zangu hazikukaa mbali.

Niliitundika darasa la tatu, nikaanza kuwafundisha watoto kuisoma kwa vipande. Nilichukua boksi la chaki, nikakata dirisha kwa wembe, upana wa vidole vitatu. Mtoto alisogea, akaweka dirisha juu ya picha, akasema kile tu alichokiona humo, akianza na neno "Ninaona". Kudhani kulikatazwa. Vipande vikiisha ndipo tukae tuvishone viwe habari moja.

Sijui niseme nini juu ya wiki zile. Watoto ambao picha pekee waliyoijua ilikuwa ile ya Rais ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji walisimama mbele ya vidole vitatu vya rangi wakabishana mpaka kengele ikalia. Mmoja aliona moshi ule ni mweupe, kwa hiyo kuni zilikuwa mbichi. Mwingine aliona paa limeezekwa upya upande mmoja tu. Mimi niliyeipangusa ile picha kwa mikono yangu nilikuwa sijaona hata kimoja kati ya hivyo. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyetoka kusali.

Mwishowe tukashona habari yetu, na nikaiandika kwenye ubao wa chaki kwa mwandiko mzuri: Jioni kijijini. Mama anawakaribisha wachungaji wakirudi na ng'ombe.

Darasani mwangu palikuwa na binti mmoja wa wafugaji. Mama yake alikuwa amepewa kiwanja kijijini, na baba alikuwa akienda na kurudi na mifugo. Kiswahili chake kilikuwa kichache, na alikitumia kwa uchache. Siku ile, tulipopitia vipande mara ya mwisho, zamu yake ilipofika alichukua dirisha, akaliweka juu ya ng'ombe, akakaa sana.

"Ninaona wana njaa," akasema.

"Hapana. Tulikubaliana kusema tunachokiona tu. Njaa haionekani," nikamwambia.

Darasa likacheka. Nami nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Akaweka dirisha mezani polepole, akarudi kukaa.

Kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata. Siku ya tatu, asubuhi, tulisikia kengele za ng'ombe nje, na baba yake akasimama mlangoni, binti nyuma yake. Watoto wakainuka wote: "Shikamoo!" Akaitikia, akaegemeza fimbo yake ukutani.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kuaga. Huku maji yamekwisha, nahamia mtoni, huko Korogwe. Huyu naenda naye, atanitazamia ndama."

Nikaanza maneno yangu ya serikali, elimu ni haki ya kila mtoto, na mama yake si yuko hapa kijijini. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, jambo lililoniudhi zaidi.

"Ningemwacha," akasema. "Lakini amekuja nyumbani analia. Anasema shule imemwambia macho yake ni ya uongo. Mwalimu, macho yale nimempa mimi. Nionyeshe hao ng'ombe."

Nikampa dirisha. Nilitegemea alirudishe, kwani lilikuwa kipande cha boksi tu, na yeye ni mtu mzima. Akalishika kwa vidole viwili, akainama, akapita juu ya ng'ombe mmoja mmoja, wote kumi na mmoja.

"Wana njaa," akasema.

Kisha akanionyesha, taratibu, bila kunicheka. Ng'ombe akishiba, ubavu wake wa kushoto hujaa kama ngoma. Akilala na njaa, pale juu, nyuma ya mbavu, hubonyea shimo la kutosha ngumi. Aliyechora alikuwa ametia kivuli kidogo pale pale, kwa kila ng'ombe. Tena viwele vyao vilikuwa vimelegea, ndiyo kusema wamekwisha kukamuliwa. Na miguuni pao hapakuwa na vumbi, kwa sababu umande ulikuwa haujakauka.

"Hii si jioni, mwalimu. Ni asubuhi. Hawarudi hawa. Wanakwenda."

Mimi ni mtu wa Vugiri. Kwetu milimani ng'ombe hufungwa ndani, na majani yake, mabingobingo, humfuata kichwani mwa mtu. Nimebeba majani yale tangu nina miaka sita, lakini kumtazama ng'ombe mwenyewe sikuwahi. Vivuli vile vilikuwepo siku zote, vidogo kama kucha, na vilipoonekana mbingu yote iligeuka, jua likapanda badala ya kuzama, na moshi ule ukawa wa uji wa asubuhi. Niliogopa, nasema kweli, kama mtu aliyekuwa akilala nyumba moja na kitu kikubwa bila kukijua.

Nikachukua kitambaa nikafuta habari yetu kwenye ubao wa chaki. Nikawaambia watoto, "Mwalimu amekosea. Mwenzenu alisema kweli, nami nikamcheka." Kisha nikamwambia binti, "Njoo utufundishe."

Akamtazama baba yake kwanza. Akaja. Hakugusa ng'ombe tena, alilichukua dirisha kwa baba yake, akaliweka mlangoni pa nyumba, juu ya yule mtu aliyeinua mkono.

"Ninaona si mama," akasema. "Ninaona kichwa kinafika kwenye komeo tu. Ni mtoto."

Nikasogea. Nikapima kwa kidole. Komeo lilikuwa nukta ya rangi nyeusi katikati ya mlango, na kichwa kilikuwa usawa wake. Wiki nne nilikuwa nikimwona mama pale.

"Anakaribisha?" nikamuuliza.

"Anaaga. Wenzake wanakwenda, yeye anabaki."

Baba alikuwa bado ameinama mbele ya picha. Akalichukua dirisha kwa binti, akaliweka juu ya yule mtoto mlangoni. Kisha akanirudishia dirisha, akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake, akamwambia maneno machache kwa lugha yao. Nami akaniambia, "Abaki. Ndama nitawatazama mwenyewe."

Nilitaka kumshukuru, lakini alikwisha kuchukua fimbo yake na kutoka. Binti akaenda kusimama mlangoni, na mimi nikasimama nyuma yake. Nilijaa furaha nikaona haya, kwa maana nilikuwa nimeshinda. Kundi likapita mbele ya darasa, kutoka kulia kwenda kushoto, na yeye mzee nyuma, peke yake, akiwakusanya ndama waliotawanyika kila upande.

Nikatazama ubavu wa kushoto wa kila ng'ombe. Shimo lilikuwa pale, kwa huyu, na huyu, na yule, mpaka wa mwisho.