Mwanamke Aliyeulizia Kiota

Utasema ni uchovu wa kazi. Sema tu. Lakini siku hiyo nilikuwa nimelala vizuri, na chai nilikuwa nimekunywa.

Nahudumia wazee majumbani hapa London. Wakati huo nilikuwa nikienda Stanmore kila asubuhi kwa Mama Zarina, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, asiyeweza tena kutembea. Furaha yake ilikuwa dirisha la jikoni. Nje, ndani ya ua wa miti, ndege mweusi mwenye mdomo wa njano alikuwa na makinda wanne.

Tuliwaogopa magpie. Unawajua? Jamii ya kunguru, weusi kwa weupe, mkia mrefu. Walikuwa wameshamaliza viota viwili vya jirani. Wakitua tu, bustani nzima inanyamaza.

“Kiota hiki usimwonyeshe mtu,” Mama Zarina aliniambia. “Hata kwa kidole.”

Asubuhi moja, saa mbili, nilitoka kutupa taka. Mwanamke alikuwa amesimama kwenye nyasi, koti jeusi, kifua cheupe. Mvua ilikuwa imenyesha, lakini viatu vyake vikavu. Akanisalimia kwa Kiswahili cha kwetu kabisa. Ungeogopa? Mimi nilifurahi!

“Dada, nasikia kuna makinda hapa. Wako wapi?”

Mkono wangu ulinyooka wenyewe. Haki ya Mungu, sikuuinua mimi.

Akatabasamu, macho hayapepesi. Niligeuka kufunika pipa, kutazama tena, hayupo. Geti lina kufuli. Kiota kitupu, na magpie mmoja juu ya ua anapangusa mdomo.

Nilirudi ndani mbio. Mama Zarina alikuwa dirishani, analia.

“Kwa nini, mwanangu?” akaniuliza. “Kwa nini umemwonyesha yule ndege kiota?”

“Ndege gani? Si yule mama?”

“Mama gani?”

Bustani ile haijapata ndege mdogo tena. Mama Zarina aliomba kiti chake kigeuzwe kitazame ukuta.

Wiki mbili baadaye, nyumbani kwangu Lewisham, ghorofa ya pili, binti yangu wa miaka mitano aliniambia kuna mama huko chini amemwuliza analala wapi.

“Ukamjibu?”

Akanyoosha kidole kwenye dirisha la chumba chake.

Tulihama mwezi huohuo. Sasa tuko Ilford, analala kati yangu na ukuta, na dirisha silifungui hata kwa joto. Kwa hiyo nisikilize: mgeni akikuuliza watoto wako wapi, hata akikuita dada, hata akiongea kama watu wa kwenu, shika mkono wako mwenyewe. Ushike kwa nguvu.