Vikombe Sita vya Idwal

Eirwen Prothero alikuwa nesi, lakini katika miaka yote niliyosukuma toroli la chai hospitalini kwetu sikuwahi kumwona ameshika sindano. Kazi yake ilikuwa kusema. Akiletwa mtu mwenye ulemavu wa akili, awe amevunjika mguu au amebanwa kifua, Eirwen ndiye aliyewaeleza madaktari huyu ni nani, anaogopa nini, na akiumwa anaonyeshaje. Na alikuwa msemaji kweli. Daktari mmoja mrefu aliwahi kuninong'oneza, "Yule mama akikuganda, mfanyie anachotaka upate kwenda kula." Mfupi, mnene kidogo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na mdomo usiojua cheo cha mtu.

Maneno aliyoyachukia kuliko yote ni mawili tu: kawaida yake. Mgonjwa anapiga kelele? Kawaida yake. Anajigonga kichwa ukutani? Kawaida yake, si unawajua hawa.

"Hiyo kawaida yake umeijulia wapi?" Eirwen angeuliza. "Umemwona jana, leo umeshakuwa shangazi yake?"

Alianza kazi ana miaka kumi na minane, katika lile jumba la kilimani ambalo siku hizi limebomolewa na mahali pake pamejengwa nyumba za wenye nafasi. Sisi watoto wa bondeni tulitishwa nalo. Usipolala, utapelekwa kilimani. Huko ndiko walikofungiwa watu ambao akili zao hazikukua kama za wenzao, arobaini chumba kimoja, nguo za kuvaa ni zile utakazoziwahi asubuhi. Idwal alipelekwa akiwa na miaka saba. Dada yake, Morfydd, aliambiwa mdogo wake amekwenda shule, na alikuwa mtu mzima alipoambiwa kweli.

Eirwen alimkuta Idwal anakaribia miaka thelathini. Chai ya kilimani ilipikwa katika birika moja kubwa, maziwa na sukari vyote humo humo, kila mtu akamiminiwa ile ile. Siku moja Eirwen akaja na kibirika chake mwenyewe, akamwuliza, "Idwal, nikutilie vijiko vingapi vya sukari?" Idwal akamtazama tu. Kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyewahi kumwuliza anataka nini. Eirwen akamwuliza tena kesho yake, na keshokutwa, kila siku kwa wiki tatu. Hatimaye Idwal akanyoosha vidole vitatu, kisha akauficha mkono mgongoni haraka, akidhani atachapwa.

"Nilikwenda chooni nikalia, Menna," Eirwen aliniambia. "Halafu nikarudi nikamtilia vitatu."

Tangu hapo Idwal hakuwahi kukataa chai. Jumba lilipofungwa, Eirwen ndiye aliyemtafutia nyumba ndogo bondeni, Idwal akakaa humo na wenzake wawili na wasaidizi wao, na birika likawa kazi yake yeye. Ukipita mlangoni tu, unaulizwa kwa vidole: kimoja, viwili, vitatu? Mimi mwenyewe nimekunywa pale. Nilionyesha kimoja, akaninunia.

Idwal alipotimiza miaka sitini na minane alianguka bafuni akavunjika nyonga. Alipasuliwa Jumatano, upasuaji ukaenda vizuri. Alhamisi Eirwen alinikamata na toroli langu kwenye korido.

"Menna, kitanda cha nne. Vijiko vitatu, na usinipunguzie mtu wangu sukari."

"Daktari akiniuliza?"

"Mwambie aje kwangu."

Kisha akaenda kufunga karatasi yake ya njano kwenye kitanda, upande wa miguuni. Kila mtu wake alikuwa na karatasi ya namna hiyo, imeandikwa kwa herufi kubwa ili asiwepo wa kusema hakuiona. Aliwasomea manesi wa wodi, mmoja mmoja, mpaka wakachoka. Mimi sikusomewa. Watu wa chai hatuitwi kwenye mambo hayo, na karatasi za wagonjwa tumekatazwa kuzisoma, nami ni mtu wa kufuata amri, Mungu anisamehe.

Eirwen alikuwa peke yake katika kazi hiyo kwa hospitali tatu, Jumatatu hadi Ijumaa. Ijumaa saa kumi alimbusu Idwal kwenye upara, akaenda nyumbani. Jumamosi asubuhi vitanda vikahitajika, kama kila Jumamosi, na Idwal akahamishiwa wodi ya chini. Alihamishwa yeye, mto wake na soksi zake. Karatasi ya njano ilibaki juu. Aliyekuja kusafisha kitanda aliikunja vizuri akaiweka kwenye mtoto wa meza.

Mimi huhudumia wodi zote mbili mwisho wa wiki. Nilipomkuta Idwal kule chini nilifurahi kuona uso ninaoujua. Nikamtilia vitatu, nikakoroga, nikamwekea. Akakisukuma kikombe kwa nyuma ya mkono, taratibu, mpaka ukingoni mwa meza.

"Ehe, leo umeninunia tena?" nikamtania. "Au umeonjeshwa ya mwenzangu?"

Akatabasamu. Nikachukua kikombe kimejaa, nikakimwaga, nikakiosha.

Saa nne hakunywa. Alasiri hakunywa. Jumapili nilimkuta anajiyumbisha kitandani, mbele nyuma, mbele nyuma, anajipiga tumbo kwa kiganja. Nesi wa zamu alikuwa kijana wa watu, ana wagonjwa kumi na wawili na miguu miwili. Alimwuliza Idwal kama anaumwa. Idwal akatikisa kichwa. Kule kilimani aliyelalamika alichomwa sindano ya kumlaza, na Idwal alikuwa amejifunza tangu mtoto: ukiulizwa unaumwa, sema hapana.

"Anajiyumbisha sana," nilimwambia nesi.

"Kawaida yake," akasema, akakimbilia kengele nyingine.

Nami nikalikubali neno lile, mimi niliyekuwa nikimcheka kila aliyelitamka mbele ya Eirwen. Nilitaka kumwambia habari ya chai. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nikaona nitachekwa, mwanamke wa toroli anamfundisha nesi kazi kwa ajili ya kikombe cha chai.

Mchana alikuja Morfydd, fimbo mkononi, na kopo la vile vikeki vyetu vya zabibu kavu, bado vina moto wa bamba la kuokea. Idwal hakuvigusa. Morfydd akaketi amejikunyata kwenye ncha ya kiti, koti hajavua.

"Hajanywa chai, Menna."

"Tangu jana."

"Idwal? Chai?" Akamtazama mdogo wake. "Huyu alikunywa chai siku tuliyomzika mama."

"Mwambie nesi, dada Morfydd. Wewe ni ndugu, watakusikiliza."

Akamtazama nesi anavyokwenda mbio. "Aa, waache, mwanangu. Unawaona walivyo na kazi. Sipendi kuwasumbua watu."

Ndivyo tulivyolelewa bondeni humu. Mtu anavuja damu, atakwambia si kitu, endelea na chakula chako. Baba zetu walitoka migodini wanatema makohozi meusi, wakaambiwa na daktari poleni, wakamwomba daktari radhi kwa kumpotezea muda. Basi tukakaa pale wanawake wawili wazima, tunajua jambo tunalolijua, tukala vikeki vyake ili visipoe. Nikamwaga kikombe cha tano, na jioni cha sita.

Jumatatu Eirwen aliingia saa mbili kasorobo. Alikwenda juu, akakuta kitanda cha nne kina mtu mwingine. Nilimsikia anashuka ngazi kabla sijamwona. Idwal alikuwa amezungukwa na madaktari, tumbo limevimba, ngozi imegeuka rangi. Dawa za maumivu zilikuwa zimemfunga choo, utumbo ukaziba, na alfajiri ile ukapasuka. Daktari alisema kwa upole kwamba sumu imeenea mwilini na moyo wake hautaweza upasuaji mwingine. Wangeitwa Jumamosi, akasema, ingekuwa habari nyingine.

Eirwen hakupiga kelele. Aligeuka akaniona nimesimama mlangoni na toroli langu.

"Chai," akasema. "Alikunywa chai?"

"Hapana."

"Vikombe vingapi alikataa?"

"Sita."

Akavaa miwani yake, akaivua tena. "Niliandika," akasema. "Mstari wa kwanza kabisa. Akikataa chai ni mgonjwa sana, mwite daktari, usisubiri. Niliwasomea wote." Kisha akanitazama kwa namna ambayo mpaka leo inanichoma. "Wewe sikukusomea. Miaka yote hii nawasimanga watu kwamba hawaulizi, na anayemmiminia chai sikumwambia."

Ningetamani anitukane. Angenitukana ningemjibu, tungegombana, ningekwenda nyumbani nina hasira badala ya hiki nilichonacho.

Jumanne alasiri Idwal alikuwa karibu kuondoka. Morfydd ameshika mkono mmoja, Eirwen mwingine. Eirwen akaniomba kikombe. Nilijua vijiko vingapi, lakini niliuliza, na Eirwen akanyoosha vidole vitatu. Alichovya sponji ndogo ya kulainishia midomo ya wagonjwa, akamgusisha. Idwal alikuwa amefumba macho. Midomo ikaikamata ile sponji, ikafyonza. Akachovya tena, ikafyonza tena. Mara ya tatu haikufyonza.

"Haya, Idwal," Eirwen akasema. "Haya, mpenzi wangu. Imetosha."

Morfydd akamshukuru nesi, akamshukuru daktari, akanishukuru hata mimi. Alituomba radhi kwa usumbufu. Nilitoka nikaingia stoo ya vikombe nikalia mpaka nikatafutwa.

Tulimzika Ijumaa ya pili yake. Mvua ilinyesha, nyimbo ziliimbwa kwa sauti nne kama ipasavyo, na wenzake wawili wa ile nyumba waliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, maneno yao wenyewe. Baadaye tuliingia chumba cha nyuma cha kanisa, akina mama wa kanisa wakaandaa mikate ya nyama na chai. Walikuwa wengi waliokuja, kwa hiyo chai ilitengenezwa kwa wepesi, katika birika moja kubwa, maziwa na sukari vyote ndani.

Nilimwona Eirwen amekaa pembeni chini ya dirisha. Mama mmoja akamwekea kikombe. Eirwen akakitazama. Kisha akakisukuma kwa nyuma ya mkono, taratibu, mpaka ukingoni mwa meza, na yule mama alipopita tena akamwuliza, "U mzima, Sista?"

"Mzima, mzima. Usijisumbue."

Yule mama akakichukua kikombe kimejaa akaondoka nacho. Hakuwa na kosa. Ana watu themanini wa kuwahudumia, na mtu amemwambia ni mzima.

Nilikwenda jikoni nikatafuta kibirika kidogo. Mama wa kanisa akaniambia chai ipo tele, ya nini kuhangaika. Nikamwambia naomba anipishe. Nilichemsha maji, nikarudi na kikombe kitupu, sukari na maziwa mbali mbali, nikavuta kiti nikakaa mbele yake, magoti yetu yakagusana.

"Eirwen, hujanywa chai."

"Sina kiu, Menna. Kawahudumie watu."

"Sikuulizi kiu." Watu walikuwa wameanza kugeuka, wageuke. "Nakuuliza vijiko vingapi."

Akatikisa kichwa. Nikauliza tena. Nilikuwa tayari kuuliza wiki tatu.